Lodi Aliyevaa Sare ya Mtumishi

Naam msomaji, Jumapili ya leo nataka nikupeleke mbali kidogo. Chai iko mezani, wazee wamevua viatu, na bila shaka vijana wameshaanza kugombania runinga. Kabla hawajapigana, hebu nikusimulie sinema moja ambayo huenda babu yako hakupata kuiona, lakini kisa chake unakijua vizuri kuliko unavyodhani.

Sinema yenyewe inaitwa Spring in Park Lane, na ilitolewa nchini Uingereza mwaka wa 1948. Ni picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Ina nyimbo, dansi, mapenzi na vichekesho tele. Mtoto aliyezoea filamu za ngumi na bastola atakuuliza vita vitaanza saa ngapi. Mwambie haviji, atulie.

Kisa ni hiki. Katika familia moja ya makabaila wa Kiingereza, watu wenye jina kubwa na mifuko mitupu, ndugu mdogo, Lodi Richard Brent, anatumwa Marekani kwenda kuuza michoro ya kale iliyorithiwa kutoka kwa mababu. Anaiuza, anapewa hundi, anapanda meli kurudi kwao. Akiwa safarini anapata habari kwamba hundi ile si halali. Michoro imekwenda, pesa hakuna. Je, ungekuwa wewe ungerudi nyumbani ukawaambie nini wakubwa zako?

Richard harudi. Anajificha. Anaamua kutafuta kibarua hadi apate nauli ya kurejea Marekani, na kibarua anachokipata ni cha kuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri mmoja pale Park Lane, mtaa wa mabwanyenye mjini London. Anavalishwa sare, anabeba sinia na kufungua milango. Tajiri mwenyewe, Joshua Howard, ni mzee mwenye vituko na mkusanyaji wa michoro, yaani msiba ule ule uliomleta pale ndio furaha ya bwana wake. Katika nyumba hiyo anaishi Judy, mpwa wa mzee na pia sekretari wake. Judy ana macho. Anatazama namna kijana yule anavyosimama, anavyoongea na mambo anayoyajua, na mara moja moyo wake unamwambia kuwa huyu si mtumishi.

Na sasa vituko vinaanza, kwa sababu miongoni mwa wanaume wanaomposa Judy yumo kaka mkubwa wa Richard, Makwisi wa Borechester. Jina hilo ni la mzaha, kwani neno la Kiingereza la mtu anayechosha watu kwa maneno limefichwa ndani yake. Aliyeiandika sinema, Nicholas Phipps, ndiye huyo huyo aliyeiigiza sehemu ya makwisi. Si kila mwandishi anaweza kujipa sehemu ya kuchekwa! Mposaji mwingine ni nyota wa sinema, Basil Maitland, mtu anayejipenda mno hata unashangaa anapata wapi nafasi ya kumpenda mwingine. Huyu kaigizwa na Peter Graves, na ninaomba umkumbuke, maana nitamrudia.

Mwisho? Richard na Judy wanapendana, hundi inagunduliwa kuwa ilikuwa halali tangu mwanzo, na mtumishi anavua sare. Kwisha.

Unasema, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu. Lakini sikiliza hesabu hii. Mwaka 2004 taasisi ya British Film Institute iliorodhesha sinema kulingana na idadi ya tiketi zilizouzwa nchini Uingereza, si kiasi cha fedha, kwa kuwa bei hupanda kila mwaka. Ya kwanza ilikuwa Gone with the Wind. Zikafuata The Sound of Music, Snow White and the Seven Dwarfs na Star Wars. Ya tano ilikuwa nini? Hicho kisa chetu cha mtumishi na sinia, kwa tiketi milioni 20.5. Titanic, ile iliyowaliza watu hadi vitambaa vikalowa, ilikuwa nyuma yake katika orodha hiyo. Na ukumbuke kuwa Waingereza wakati huo walikuwa kama milioni 50 hivi.

Ili uelewe jambo hili lazima ujue maisha yalikuwaje kule. Sisi hufikiri kwamba aliyeshinda vita alikula vizuri baadaye. La hasha! Uingereza ilitoka katika Vita Vikuu vya Pili ikiwa imechoka na madeni hadi shingoni. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kipimo wakati mabomu yalipokuwa yakianguka, ulianza kupimwa mwezi wa Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha, na ukaendelea kupimwa hadi Julai 1948. Nguo zilinunuliwa kwa kuponi hadi mwaka 1949. Nyama ilipimwa hadi 1954. Mwanzoni mwa 1947 kulikuja baridi kali ya theluji, makaa ya mawe yakakwama njiani, umeme ukakatwa na viwanda vikafungwa. Hata Bintimfalme Elizabeth, yule ambaye baadaye alipokea ufalme akiwa huku kwetu Nyeri mnamo Februari 1952, alipoolewa Novemba 1947 gauni lake lilihitaji kuponi kama la mtu mwingine yeyote.

Sasa mfikirie mama wa Kiingereza wa mwaka 1948. Amepanga foleni ya mkate asubuhi. Koti lake ni lile la kabla ya vita, limegeuzwa ndani nje. Nyumba ya jirani ni kifusi. Jioni anaingia sinema, mahali penye joto, na mbele yake unafunguliwa mlango wa jumba la Park Lane lenye ngazi pana, mataa, maua, magauni ya kuburura na meza iliyojaa. Analipa senti chache na kuishi humo kwa muda wa saa moja na nusu. Televisheni zilikuwa katika nyumba chache mno, na Waingereza walikuwa na mazoea ya sinema ambayo leo ni vigumu kuyaamini. Mwaka 1946 peke yake waliuza tiketi zaidi ya milioni 1,600. Kwa wastani kila mtu, pamoja na watoto wachanga na wagonjwa vitandani, alikwenda sinema zaidi ya mara 30 kwa mwaka!

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo haina mapenzi ndani yake. Mnamo Agosti 1947 serikali ya Uingereza, ikitafuta namna ya kuzuia dola zisikimbie, ilitoza ushuru wa asilimia 75 kwa sinema za kigeni. Wamarekani walikasirika na kuacha kupeleka picha mpya, na mgomo huo haukumalizika hadi majira ya kuchipua ya 1948. Majumba ya sinema yakawa na njaa ya picha. Spring in Park Lane ikaingia sokoni wakati huo huo. Bahati ni kitu kikubwa katika biashara hii, ingawa bahati haiuzi tiketi milioni 20 bila kuwa na kitu cha kuuza.

Mwelekezi wake alikuwa Herbert Wilcox, na nyota wake, Anna Neagle, alikuwa mke wake tangu mwaka 1943. Huyu Neagle alizaliwa mwaka 1904 upande wa mashariki wa London, jina lake halisi Florence Marjorie Robertson, akaanza kama mcheza dansi wa kundi, mmoja katika safu. Kabla ya vita alikuwa ameigiza Malkia Victoria mara mbili, mwaka 1937 na 1938, na Waingereza wakamzoea kama mtu wa heshima. Kwa hivyo alipotokea akicheka na kucheza dansi na mtumishi, watu walimfurahia kama vile mtu anavyomfurahia shangazi mkali anapoanza kucheza chakacha arusini. Alikuwa na miaka 43. Mwenzake, Michael Wilding, alikuwa mdogo wake kwa karibu miaka minane. Wapi leo utaona hilo? Siku hizi mwanamke wa sinema akifika arobaini anapewa sehemu ya mama mkwe.

Wilding alikuwa mrefu, mpole, mwenye sura ya mtu aliyesahau kitu akakumbuka kwamba si muhimu. Aliungana na Neagle mwaka 1946 katika Piccadilly Incident, wakafuata na The Courtneys of Curzon Street mwaka 1947. Baada ya Park Lane wakaja na Maytime in Mayfair mwaka 1949, safari hii kwa rangi, na duka la mavazi ya kifahari ndilo mandhari. Utaona majina yote ni ya mitaa ya London, mitaa ya wenye nacho. Wilcox hakuficha nia yake. Alisema waziwazi kwamba haoni haja ya kuwarushia watu huzuni na ukatili zaidi ya ule waliokwisha kuuona, na kwamba anataka picha za furaha. Wahakiki wengine walimcheka. Watazamaji walipanga foleni.

Mzee Joshua aliigizwa na Tom Walls, mtu ambaye maisha yake yenyewe ni sinema. Aliwahi kuwa polisi, akageuka mchekeshaji mashuhuri wa jukwaani, na mwaka 1932 farasi wake, aliyemfunza mwenyewe, akashinda mashindano ya Derby, yale makubwa kuliko yote ya Uingereza. Walls alifariki mwaka 1949.

Kuna mahali pamoja ambapo hata mimi nisiyelegea haraka nililegea. Judy anaota kwamba anacheza dansi na Richard, na kamera inaionyesha dansi hiyo polepole, gauni likielea kama limo majini. Hakuna maneno wala ujanja. Mwanamke amesimama nyumbani kwa watu, sekretari mwenye barua za kupiga chapa, na kwa dakika chache mwili wake hauna uzito. Ukiitazama huku ukikumbuka ile foleni ya mkate, utajua walicholipia watu wale.

Basi nimesifu vya kutosha. Sasa turudi kwa lile linalonisumbua, na hapa nataka wanafunzi wasogee karibu, hasa wale wanaosoma fasihi na kuulizwa kila muhula kuhusu matabaka.

Kisa cha mkubwa anayejifanya mdogo si cha Waingereza. Hadithi za Baghdad zinamsimulia Harun al-Rashid akizunguka usiku kwa nguo za kawaida kusikiliza raia wanasema nini. Wapenzi wa sinema za Kihindi watakumbuka Chupke Chupke ya mwaka 1975, ambamo Dharmendra ni profesa wa elimu ya mimea anayejifanya dereva kwa ajili ya kumzuga shemeji yake. Na kijana ambaye hajaona yoyote kati ya hizo ameiona Coming to America ya mwaka 1988, Eddie Murphy akiwa mwana wa mfalme wa Kiafrika anayepiga deki katika mkahawa wa vibanzi na nyama huko New York ili apate msichana atakayempenda kwa nafsi yake. Ndiyo maana nilisema kisa hiki unakijua.

Visa hivi vyote vinatuahidi jambo moja: kwamba mapenzi hayaangalii cheo. Tunatoka tumeridhika. Lakini hebu tazama tena. Judy anampendea nini Richard? Anampenda kwa sababu anaongea kama lodi, anatembea kama lodi na anajua mambo ambayo hufunzwa wana wa malodi. Tangu mwanzo shaka yake ni kwamba huyu hawezi kuwa mtumishi. Hebu jiulize, na yule mtumishi halisi je? Nyumba ya mzee Joshua imejaa watumishi wengine. Wanapanda na kushuka ngazi zile zile, wamevaa sare zile zile, na hakuna anayekaa akijiuliza wao ni nani hasa. Sinema haijavunja ukuta wowote. Imempitisha mtu wa upande wa juu mlango wa nyuma, kisha ikamrudisha kwa mlango wa mbele huku tukipiga makofi.

Na ile hundi! Mwandishi angeweza kuiacha iwe mbovu, Judy akaamua kuolewa na maskini. Hakuthubutu. Hundi ikapona, na sote tukapumua.

Jambo la kushangaza ni kwamba kisa hiki kilipotoka kilikuwa na sura nyingine. Kimetokana na hadithi ya Mmarekani mwanamke, Alice Duer Miller, Come Out of the Kitchen!, ya mwaka 1916, ambayo pia ilifanywa mchezo wa jukwaani. Humo, familia ya jina kubwa iliyofilisika inapangisha nyumba yake kwa tajiri, na watoto wa nyumba wanajifanya watumishi. Anayevaa vazi la mpishi ni msichana. Ndiye anayepika na kuamrishwa ndani ya nyumba iliyokuwa yake. Wilcox na Phipps walipoibeba hadi London walimtoa mwanamke jikoni, wakamweka mwanamume na sinia sebuleni, na kazi ikawa mzaha zaidi. Mimi binafsi ningependa kuiona ile ya jikoni.

Mnamo 1948 mzaha huo ulikuwa na kiini cha kweli. Watumishi walikuwa wanatoweka Uingereza. Wakati wa vita wasichana wengi waliacha majumba ya mabwana wakaenda viwandani na jeshini, wakapata mshahara na saa za kupumzika, na vita vilipokwisha wengi walikataa kurudi kusema "ndiyo bibi". Kodi ya mirathi ilipandishwa hadi asilimia 75 kwa mali kubwa kabisa mwaka 1946. Huko Park Lane kwenyewe majumba makubwa yalikuwa yamebomolewa tangu zamani. Mahali pa jumba la Dorchester palijengwa hoteli ya jina hilo iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa hivyo sinema ilikuwa ikionyesha maisha yaliyokuwa yanazikwa. Wenye nyumba walilia kwamba hawapati mtumishi, na watumishi wa zamani wakaketi kwenye viti vya bei nafuu wakimcheka lodi aliyeshika sinia. Nani hasa alikuwa anamcheka nani?

Huku kwetu, katika mwaka huo huo, mtu mzima mwenye mke na watoto aliyepika katika jikoni la mzungu aliitwa "boi". Hakuna lodi aliyejificha ndani ya sare ile. Alikuwamo yeye mwenyewe, na jina lake halisi mara nyingi halikuulizwa.

Ndiyo sababu ninakushauri, ukiipata sinema hii, usiitazame peke yako. Itazame na watoto, wacheke, kwani inachekesha kweli. Kisha waulize swali moja tu: yaya wenu anatoka kijiji gani? Anasoma nini akiwa chumbani kwake usiku? Ni maswali mawili, najua. Niliwahi kuwauliza watoto wa rafiki yangu mmoja wa mtaa wa heshima tu, watu wakarimu, na walilijua jina la mbwa wa jirani, siku ya kuzaliwa ya mwalimu wao na timu anayoishabikia mlinzi wa lango. Yaya waliyeishi naye miaka mitatu walijua kwamba anaitwa Auntie. Mama yao aliinuka kwenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka, ingawa chai tulikuwa tumeshakunywa.

Wasichana wetu kwa maelfu wamepanda ndege kwenda kuosha sakafu za watu Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Miongoni mwao wamo wenye diploma, na wamo walioacha chuo karo ilipokwama. Wao pia wana hundi iliyoharibika mahali fulani. Tofauti na Richard ni kwamba hakuna anayewatazama na kusema, "Huyu si mtumishi," na hata akisema, haitasaidia chochote, maana mtumishi ni kazi, si aina ya mtu.

Nisiharibu Jumapili yako. Wilcox na mkewe waliendelea kutengeneza picha, lakini ladha ya watu ilibadilika, na mwaka 1964 Wilcox alitangazwa kufilisika. Neagle alirudi jukwaani kufanya kazi. Mwaka 1969 alipewa cheo cha Dame, na alifariki mwaka 1986. Wilding alimwoa Elizabeth Taylor mwaka 1952, ndoa ikadumu miaka mitano.

Na Peter Graves, niliyekuomba umkumbuke? Yule aliyeigiza Basil, nyota mwenye kujidai ambaye Judy hakumtaka? Mwaka 1963 alirithi cheo cha familia yake akawa Baron Graves, lodi halali kabisa. Aliendelea na uigizaji wake vivyo hivyo.